Yumo, Hayumo

Ambakisye, kabla hajahamia Vwawa,
aliniachia ufunguo wa kabati,
kipande cha blanketi cha kufunika magoti
na programu yake ya kutafuta wakulima.
Ilikuwa ndefu kama foleni ya mbolea.

Inaanza na jina la kwanza. Inapiga hodi.
Wewe ni wa Kyimo?
Kama siyo, wa Syukula?
Kama siyo, Ilenge? Kama siyo, Isongole?
Kama siyo, Ibililo?
Ikimaliza inaaga, inakwenda mlango wa pili.
Milango elfu nne na mia tatu,
nje mvua ya Tukuyu haikati,
chai inapoa, inaota ngozi,
na programu bado imekwama kwenye M,
maana huku kwetu karibu kila ukoo unaanza na Mwa.

Mimi nilikuja na ujana wangu.
Nikasema, kwa nini kuuliza mara tano
jambo ambalo lugha yetu hulimaliza kwa silabi moja?
Mo.
Chumvi imo. Maji yamo. Mtoto yumo ndani, amelala.
Nikaandika sentensi:
nipe wote ambao kijiji chao kimo
katika hivi vitano. Nikavifunga kwa mabano
kama viazi guniani, bila lumbesa.
(Kyimo kimo. Nilicheka peke yangu.)

Sikuielekeza njia. Sikusema anzia hapa, pinda pale,
ukichoka pumzika. Nilitaja ninachotaka,
nikanyamaza.
Kabla kikombe hakijafika mdomoni
majina yalikuwa yamejaa kioo:
mia nane na kumi na mawili.

Nikampigia Ambakisye nijisifu.
Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:
"Na waliobaki?"

Waliobaki rahisi. Nikageuza neno:
nipe wote ambao kijiji chao hakimo.
Elfu tatu, mia nne na themanini na saba.
Nikajumlisha kwa kalamu nyuma ya stakabadhi,
nikajumlisha tena.
Mmoja hayupo.
Si kwamba yumo. Si kwamba hayumo.

Alikuja mwenyewe wiki ya pili,
Subilaga Mwakajila, mfuko wa rambo kichwani,
matope hadi kwenye ugoko,
kuuliza mbona wenzake wamepata na yeye kimya.
Nikamtafuta kwa jina: huyu hapa.
Kisanduku cha kijiji: kitupu.
Si sifuri. Si nukta. Si mstari uliokatwa.
Kitupu tu, kama kiti kwenye kikao.

"Waliniuliza," alisema,
"nikawaambia jiko langu liko Ilenge,
migomba iko Kapugi,
mpaka unapita katikati ya choo na zizi.
Andikeni mnavyoona.
Naona hawakuona kitu."

Ukiiuliza mashine, kitupu kimo?
hujibu: sijui.
Ukiiuliza, basi hakimo?
hujibu: sijui.
Na sijui haipewi mbolea.

Jioni nikaifungua ile programu ndefu.
Chini kabisa, baada ya kama siyo ya tano,
kulikuwa na mstari nilioucheka siku ya kwanza:
vinginevyo, simama hapa, mwite karani.
Ingefika mlangoni kwake imechoka,
saa nane mchana pengine, imelowa,
lakini ingefika, na ingesimama.

Sentensi yangu sikuifuta. Bado ni nzuri.
Nimeiongezea mkia:
au ambaye kijiji chake hakijaandikwa.
Maneno matano. Yamenigharimu wiki mbili,
na yeye kupanda kwa kuchelewa.

Nilipomuuliza, mama, niandike kijiji gani,
alitazama gunia lililoegemea ukuta.
"Mbolea iko upande gani?"

Nikaandika Ilenge. Jiko liko Ilenge.
Ambakisye bado sijampigia.